UHURU: JICHO LILILOPAA KUTOKA MALINDI

Mwezi huu ukurasa wa watoto ni wa nyota. Anayejua kusoma amsomee mdogo, na mdogo akiuliza swali asifukuzwe.

Watoto, si mnaijua picha ya eksirei, ile wanapiga hospitalini kuangalia kifua au mfupa uliovunjika? Miale inayopiga picha hiyo macho hayaioni. Sasa, huko juu kuna nyota zinazotoa miale ya namna hiyo, tena mingi sana. Lakini hewa yetu inaizuia, haifiki chini. Ni bahati, maana ingetuumiza. Ila kwa sababu hiyo watu walitazama mbingu miaka yote bila kujua.

Aliyefungua mlango huo ni Riccardo Giacconi, mwanafalaki, yaani mtaalamu wa nyota. (Msimchanganye na mpiga ramli, huyo ana kazi yake.) Alizaliwa Italia mwaka 1931, akakulia mji wa Milan. Mama yake alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia. Vita vya Pili vya Dunia vilipoingia Italia mwaka 1940 alikuwa na miaka 8, na mwaka 1943 Milan ilipigwa mabomu vibaya sana. Alisoma hapo hapo mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1954. Mwaka 1956 akaenda Marekani.

Huko yeye na wenzake wakatia mashine ya kupima eksirei ndani ya roketi. Oktoba 1961 roketi ilipanda, lakini milango yake ikakataa kufunguka. Mashine haikuona kitu! Wakatengeneza nyingine. Juni 1962 ikapanda, ikachungulia kwa dakika sita hivi tu, kisha ikashuka. Dakika hizo zilitosha. Waliona mng'ao mkali kutoka upande wa kundi la nyota linaloitwa Nge. Wakauita Scorpius X-1. Leo tunajua ni nyota iliyokufa inayonyonya gesi ya jirani yake. Gesi ikianguka juu yake inapata joto kali mno, ndipo inatoa eksirei.

Dakika sita ni kidogo. Giacconi akataka mashine inayokaa juu siku zote, yaani setilaiti. Hapa hadithi inakuja kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti hiyo ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, basi ikaitwa Uhuru. Aliyekuwa mkuu wa mradi ni mama mmoja, Marjorie Townsend, injinia. Wasichana, sikieni: aliingia chuo kikuu na miaka 15, na mwaka 1951 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uinjinia katika chuo chake.

Mtoto mmoja darasani aliuliza, kwa nini hawakurushia kwao? Swali zuri. Dunia inazunguka, na mwendo wake ni wa kasi zaidi kwenye ikweta, kwa hiyo roketi inapata msukumo wa bure. Tena njia ya juu ya ikweta ina vurugu kidogo za miale mingine, mashine inaona vizuri. Uhuru ilizunguka Dunia kila baada ya dakika 96 hivi, ikifuata ikweta. Maana yake ilikuwa inapita karibu kabisa na juu ya Tororo na Busia, na wazee wetu wakilima bila habari.

Ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Iliacha orodha ya vitu 339 vinavyotoa eksirei. Kimoja, Cygnus X-1, kilisaidia wataalamu kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli. Shimo jeusi ni kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Setilaiti yenyewe ilianguka mwaka 1979. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, akafariki Desemba 2018.

Mwezi wa Julai, saa tatu usiku, tokeni nje na mzazi, mtazame juu upande wa kusini. Nyota nyekundu mtakayoiona ni moyo wa Nge. Scorpius X-1 iko kaskazini yake kidogo, lakini macho hayataiona. Chora unachoona, ulete darasani.