Namba 17,296 na Mwenzake

Ibn Khaldun (aliyefariki 1406), katika Muqaddima, amewataja watu wa talasimu waliozitumia namba 220 na 284 kutia mapenzi baina ya watu wawili. Uovu wa talasimu hauiharamishi hesabu, ndugu msomaji. Vigawo vya 220, ukiiacha yenyewe, jumla yake ni 284. Na vya 284, yaani 1, 2, 4, 71 na 142, jumla yake ni 220. Kwa sababu hiyo tu zikaitwa al-a'dad al-mutahabba, namba zipendanazo.

Kanuni ya kuzipata aliithibitisha kwa burhani Thabit bin Qurra (aliyefariki 901), Msabai wa Harran aliyefanya kazi Baghdad. Hakuwa Muislamu, wala tusimdhulumu haki yake. Kwa kanuni hiyo Kamal al-Din al-Farisi (aliyefariki takriban 1319) akaitoa 17,296 na mwenzake 18,416. Chukua kalamu uhakikishe: 17,296 ni 16 × 23 × 47. Vigawo vya 16 vyote ni jumla 31, vya 23 ni 24, vya 47 ni 48. Zidisha 31 × 24 × 48, utapata 35,712. Toa 17,296, inabaki 18,416. Nayo 18,416 ni 16 × 1,151, na 1,151 ni namba tasa. Basi 31 × 1,152 ni 35,712 ileile. Toa 18,416, umerudi kwenye 17,296.

Huko Ulaya jozi hii ilinasibishwa kwa Fermat, aliyeitaja mwaka 1636, zaidi ya miaka 300 baada ya al-Farisi.