Mwanafunzi na Tathmini ya Ufundishaji

Neno "tathmini" lina mzizi mmoja na "thamani". Atathminiye hutaja thamani ya kitu, na hapana budi awe anakifahamu. Je, mwanafunzi aweza kuitaja thamani ya ufundishaji wa mhadhiri wake?

Jambo lenyewe si geni. Huko Bologna, Italia, kanuni za mwaka 1317 ziliruhusu mhadhiri atozwe faini akichelewa kuanza, akipitisha wakati, au akikosa wasikilizaji watano. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, hojaji ya kuwapima wahadhiri ilianza kutumika katika miaka ya 1920. Vyuo vikuu vingi vya Kenya navyo huwapa wanafunzi hojaji kama hizo mwishoni mwa muhula.

Wanaozitilia shaka wana hoja. Mwaka 1970, nchini Marekani, mwigizaji mmoja alitambulishwa kwa jina la Dakta Fox, akatoa mhadhara uliojaa utani na maneno yaliyopingana. Wasikilizaji wake, miongoni mwao madaktari wa akili na wanasaikolojia, walimsifu. Ikiwa wataalamu walihadaiwa na ufasaha wa ulimi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atasalimikaje? Tena cheo kikitegemea hojaji, mhadhiri aweza kugawa alama kwa ukarimu ili asifiwe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mnamo 2018, mjini Toronto, Kanada, mwamuzi wa mgogoro baina ya chuo kikuu na wahadhiri wake alikataza matokeo ya hojaji kutumiwa kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo.

Hata hivyo, si haki kumnyamazisha mwanafunzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkuu wa idara hayumo darasani. Mwanafunzi ndiye ajuaye kama mhadhiri alifika, kama alisikika, na kama insha zilirudishwa zikiwa zimesahihishwa. Lakini kama ngeli zimeelezwa kwa usahihi, au kama diwani iliyoteuliwa inaufaa mtaala, hayo huamuliwa na wanataaluma wenzake kwa kuhudhuria mihadhara na kusoma mitihani aliyoitunga.

Kwa hiyo mwanafunzi ni shahidi, wala si hakimu. Yafaa hojaji imwulize aliyoyaona na kuyasikia, nayo idara iyapime majibu yake pamoja na ushahidi mwingine kabla ya kuamua juu ya cheo cha mtu.