Kucha Zinapakwa, Kope Zinavimba

Mzio wa rangi ya jeli mara nyingi hujitangaza mbali na kucha. Kope zinaanza kuwasha, zinavimba, ngozi yake inakuwa na magamba, na mwenye nazo anatupa wanja, anabadilisha sabuni ya uso, analaumu vumbi la barabarani. Kucha zenyewe zinang'aa, hakuna anayezishuku. Lakini ngozi ya kope ni nyembamba mno, na mkono wa mtu haukai mbali na uso wake. Kilichobaki pembeni mwa ukucha hakikawii kufika jichoni, mashavuni na shingoni.

Rangi ya kawaida, ile ya chupa yenye harufu kali, hukauka. Viyeyusho vyake huruka hewani na kuacha utando wa nitroselulosi. Jeli haikauki. Ni mchanganyiko mzito wa molekuli ndogondogo za jamii ya akrilati na methakrilati, pamoja na kichochezi kinachosubiri mwanga. Mkono ukiingia kwenye taa, mwanga wenye mawimbi ya nanomita 365 hadi 405 hivi hukivunja kichochezi, na vipande vyake huzilazimisha zile molekuli kushikana hadi ziwe plastiki ngumu. Kazi hiyo humalizika ndani ya nusu dakika au dakika nzima kwa kila mkono wa rangi. Ndiyo sababu mteja anaweza kuingiza vidole kwenye pochi akalipa na kuondoka, rangi isipate hata mkwaruzo.

Jeli iliyoiva sawasawa haina ugomvi mkubwa na ngozi. Kinachosumbua ni jeli mbichi.

Mtuhumiwa mkuu kati ya zile methakrilati ana jina refu linalofupishwa kuwa HEMA. Watengenezaji wanaipenda kwa sababu inaufanya mkono wa kwanza wa rangi ung'ang'anie ukucha. Ila molekuli yake ni ndogo: uzito wake ni kama 130, wakati ngozi huanza kuwa kizuizi cha maana kwa zile zinazozidi 500. Ikipenya, hujipachika kwenye protini za mwili, na seli za kinga huiandikisha kama adui. Siku hiyo mtu hasikii lolote. Anaweza kupaka miezi, hata miaka, bila shida, halafu safari moja anajikuta na malengelenge madogo kwenye ncha za vidole, ngozi inayopasuka, ukucha unaoachana na nyama, pengine na ganzi inayodumu kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo utakaposikia, "Mbona natumia siku zote?" Kutumia siku zote ndiko kulikomfikisha hapo. Na mzio wa namna hii ukishaingia, kwa kawaida hautoki.

Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa onyo baada ya kugundua kwamba asilimia 2.4 ya wagonjwa waliopimwa mzio katika kliniki za Uingereza na Ireland walikuwa na mzio wa angalau kemikali moja ya jamii hii. Miaka miwili baadaye Umoja wa Ulaya ukaamua kwamba HEMA kwenye bidhaa za kucha itumiwe na mafundi wa kazi hiyo tu, na chupa iandikwe kwamba inaweza kusababisha mzio. Kisha tarehe 1 Septemba 2025 ukapiga marufuku kabisa TPO, kichochezi kimojawapo cha mwanga, kwa sababu katika majaribio ya wanyama waliolishwa kiasi kikubwa ilidhuru uzazi. TPO ndiyo iliyopigiwa kelele dunia nzima. Kwa maoni yangu kelele zilielekezwa pabaya: madhara ya TPO kwa wapaka kucha hayajaonyeshwa, ilhali mzio wa akrilati unaonekana kliniki kila wiki.

Sasa tuangalie ubichi unakotoka. Gusa ukucha mara tu unapotoka kwenye taa baada ya mkono wa mwisho: jeli nyingi zitakuwa zinanata. Oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu kabisa lisiive, kwa hiyo ule unato ni jeli mbichi. Fundi huufuta kwa pamba yenye spiriti. Akifuta vidole vyote kumi kwa kipande kilekile, akizungusha mpaka kwenye ngozi, amekupaka jeli ambayo haikuiva. Rangi nzito nayo ina hila zake, hasa nyeusi, kwa kuwa hunyonya mwanga kabla haujafika chini. Ukucha unakuwa kama andazi lililokaangwa kwa moto mkali, nje limependeza, ndani unga. Dole gumba ndilo linaloumia zaidi, kwani mkono ukiwekwa kwenye taa lenyewe hulala ubavu na mwanga kulipita. Fundi mzuri huviivisha vidole gumba viwili peke yavyo. Taa nayo isipolingana na jeli, idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi haisaidii kitu, maana kichochezi kinahitaji mawimbi yake mahususi.

Huyo fundi mwenyewe yuko hatarini kuliko mteja. Mteja anakuja mara moja kila wiki mbili tatu, fundi anashika jeli kutwa nzima na kuvuta vumbi la kusugua kucha, ambalo lina chembe ambazo hazikuiva. Glavu nyembamba za mpira wa kawaida akrilati huzipenya kwa dakika chache. Zile za nitrili ni bora, lakini nazo hazivaliwi tangu asubuhi hadi jioni: zinabadilishwa kwa kila mteja, na mara moja jeli ikidondokea.

Kwa anayependa kupendeza, jambo la kwanza kusisitiza ni jeli isiguse ngozi kabisa. Ikimwagikia pembeni, ifutwe kabla ya mkono kuingia kwenye taa. Maneno "haina HEMA" kwenye chupa yasikulaze usingizi, kwa sababu mara nyingi ndani kuna ndugu zake, na mwili uliomkataa mmoja unaweza kuwakataa na wengine. Seti za kujipaka nyumbani ndizo ningeziacha dukani. Kuondoa ni kwa asetoni na subira, si kubandua kwa meno, kwani jeli inayobanduliwa huondoka na tabaka za ukucha, na ukucha wa mkono huhitaji takriban miezi sita kuota upya.

Taa? Watafiti wa San Diego mwaka 2023 waliziweka seli chini yake kwa dakika 20, na kati ya asilimia 20 na 30 zikafa. Zilikuwa seli za sahanini, zisizo na ngozi ya juu ya kuzikinga, na dakika 20 mfululizo ni nyingi kuliko za saluni. Glavu zilizokatwa ncha zinatosha kwa mwenye wasiwasi.

Rangi ya kawaida bado ni chaguo la heshima, ingawa wapo wachache ambao resini yake yenye asili ya fomaldehaidi huwakataa. Na pwani tuna hina, ambayo huupaka ukucha rangi bila plastiki wala taa, haizuii maji ya udhu, na ni nadra kumletea mtu mzio. Hina ya majani, lakini. Piko nyeusi iliyokorogwa kwa unga wa kutia nywele rangi ni hadithi nyingine: ina PPD, kemikali inayoweza kuichoma ngozi na kuacha makovu.

Ukiona dalili, acha jeli na umwone daktari wa ngozi. Kipimo ni chembe za kemikali zinazobandikwa mgongoni kwa siku mbili, kisha ngozi inasomwa na kusomwa tena baadaye. Majibu yakionyesha mzio wa akrilati, usiishie kumwambia fundi wa kucha. Mwambie na daktari wa meno kabla hajaziba jino, kwa sababu dawa nyeupe ya kuzibia meno ni methakrilati inayoivishwa kwa mwanga, na saruji inayoshikilia nyonga za bandia ni ya ukoo huohuo.