Bima ya pikapu: Bei ndogo yaweza kuwa hasara

MFANYABIASHARA wa Nyegina anayenunua pikapu mpya ya kupeleka dagaa Musoma mjini hafungwi na kampuni moja ya bima. Shirika la Bima la Taifa lilihodhi soko hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango.

Kwa gari la Sh. milioni 40, tofauti ya nusu asilimia katika bima kubwa ni Sh. 200,000 kwa mwaka. Bima ndogo ni nafuu, lakini hulipa hasara ya wengine tu.

Tahadhari: ukiliandikisha gari hilo kwa milioni 30, hasara ya milioni 8 yaweza kulipwa milioni 6. Na ukiandika “matumizi binafsi” huku unabeba dagaa wa biashara, madai yaweza kukataliwa.