Dawa ya minyoo huingiaje katika maziwa?

Ng'ombe akipewa dawa ya minyoo asubuhi na kukamuliwa jioni, maziwa yake hayabadiliki rangi, harufu wala ladha. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi huyauza au huwapa watoto bila wasiwasi. Hata hivyo, huenda maziwa hayo yana dawa.

Je, dawa iliyonyweshwa au kudungwa hufikaje kwenye kiwele?

Ndani ya kiwele mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kuta zake ni chembe hai ambazo hutwaa maji na virutubisho kutoka kwa damu na kutengeneza maziwa. Dawa iliyo katika damu hufika hapo pia.

Baadhi ya dawa hujipenyeza zenyewe. Ivermektini, kwa mfano, huyeyuka katika mafuta, na maziwa yana mafuta. Ng'ombe akidungwa dawa hii, yaweza kupatikana katika maziwa yake kwa zaidi ya majuma mawili.

Nyingine husukumwa. Chembe za kiwele zina protini iitwayo ABCG2 inayofanya kazi kama pampu, nayo huongezeka ng'ombe anapokamuliwa. Kazi yake njema ni kumpelekea ndama vitamini B2. Lakini pampu hiyo haibagui. Albendazoli ikishabadilishwa na ini, nayo husukumwa vivyo hivyo hadi kwenye maziwa.

Kuchemsha hakutoshi

Kuchemsha maziwa ni lazima, kwani huua viini vya kifua kikuu na brusela. Lakini moto hauiondoi ivermektini. Isitoshe, maziwa yakienguliwa, dawa hii hukusanyika zaidi katika malai na siagi.

Ifahamike kwamba kikombe kimoja si sumu ya kumwangusha mtu. Hofu ni juu ya mtoto mwenye mwili mdogo anayekunywa maziwa kila siku. Ndiyo maana kukawekwa siku za kungoja.

Mfugaji afanye nini?

Kwanza, soma karatasi ya dawa kabla ya kununua. Albendazoli nyingi hutaka maziwa yasitumiwe kwa siku tatu au zaidi. Ivermektini ya sindano kwa kawaida haipewi ng'ombe anayekamuliwa. Eprinomektini ya kumwagia mgongoni huingia kidogo sana katika maziwa, na katika nchi nyingi haina siku za kungoja.

Pili, muulize daktari wa mifugo kama ng'ombe aweza kutibiwa wakati hakamuliwi. Mweleze pia kama ana mimba, kwani albendazoli yaweza kudhuru mimba changa.

Tatu, mtie alama ng'ombe aliyetibiwa na umjulishe anayekamua. Maziwa yake usiyachanganye na ya wengine.

Usiache kutibu minyoo, maana ng'ombe mwenye minyoo hudhoofika na maziwa hupungua. Tibu, kisha ungoje. Hasara ya maziwa ya siku tatu ni ndogo kuliko kumnywesha mtoto dawa ambayo hakuandikiwa.