Kupita, kupitia na kutembelea: tafsiri ya "drop in" mjini Bunia

Mwanafunzi wa Kiingereza mjini Bunia akutanapo kwa mara ya kwanza na sentensi "I'll drop in tomorrow", aghalabu hufungua kamusi, huona kuwa "drop" ni kuanguka, kisha huandika: "Nitaangukia ndani kesho." Darasa hucheka, naye mwalimu husahihisha: "Nitakutembelea kesho." Sahihisho hilo halichekeshi mtu, na kwa sababu hiyo kasoro yake haionekani upesi.

Yafaa kwanza kutazama Kiingereza chenyewe. Kitenzi "drop" hapa hakitaji mwili kudondoka. Kimechukua sifa moja tu ya kuanguka, yaani jambo kutokea bila kupangwa. Kielezi "in" huonyesha kuingia kwa mwenyeji, na anayetembelewa akitajwa huongezwa "on". "Drop by" hukazia zaidi njia: mtu alikuwa na safari nyingine, akasimama kidogo. Ama "drop off" si ziara kabisa, bali ni kumshusha abiria au kuacha mzigo.

Kiswahili nacho hutofautisha ziara kwa vitenzi. Kuzuru kuna heshima ya kirasmi, na ziara za viongozi hutajwa kwa neno la shina hilohilo. Kutembelea, ambako ni kauli ya kutendea ya kutembea, kumekuwa kwenda kumwona mtu kwa makusudi. Mama wa mtaa wa Mudzipela akiambiwa "Tutakutembelea kesho", atamtuma mtoto kununua sukari, na huenda kuku mmoja asione jua la pili. Mgeni akikaa dakika kumi kisha akaaga, kama Mwingereza alivyokusudia tangu mwanzo, mwenyeji ataona amedharauliwa.

Neno linalokaribia zaidi limo vinywani mwa watu kila siku: "Nitapita kwako kesho." Katika mazungumzo ya mitaani husikika pia "Niko napita kwa shangazi", kwa muundo wa wakati uliopo ambao Kiswahili cha mashariki ya Kongo kinaupenda. Wapo watakaodai kwamba hayo ni Kifaransa kilichovaa kanzu, kwa kuwa Wafaransa husema "passer chez quelqu'un". Dai hilo halina nguvu. Kupita kwa mtu kwa maana hiyo husemwa Tanzania na Kenya pia, ambako Kifaransa hakikutawala. Yumkini shule ya Kifaransa imeuimarisha tu usemi uliokuwapo.

Tahadhari kubwa ni ya kiambishi -i-. Mfasiri anayetaka kutaja mtendewa huandika "Nitakupitia kesho", akidhani maana ni ileile. Sivyo. Aliyeambiwa hivyo huelewa kwamba atachukuliwa ili waende pamoja mahali fulani. Atavaa viatu na kungoja mlangoni. Naye "atakayepitia sokoni" amefanya soko kuwa njia yake tu. Hivyo mofimu ya sauti moja huamua kama mwenyeji atateleka chai au atafunga nyumba.

Linabaki swali la wepesi wa ziara. Kiingereza kimeutia katika kitenzi, Kiswahili huutia pembeni, katika neno dogo "tu" na katika kutaja shabaha ndogo: "Nimepita tu kukusalimia." Mgeni huyasema haya baada ya hodi, mara nyingi angali amesimama. Mwenyeji wa Bunia atamwambia aketi kwanza, lakini keshajua kwamba hakuna chakula kinachodaiwa. Basi "I'll drop in tomorrow" yafaa ifasiriwe "Nitapita kwako kesho kukusalimia tu", hata kama sentensi imerefuka.

Kinyume chake kina mtego wake. Mgeni asemapo "drop in any time", huenda anaaga kwa adabu tu, bila kutarajia mtu. Tafsiri ya "Pita wakati wowote", katika mji ambao jirani huingia bila miadi, huchukuliwa kama ruhusa kamili, na anayeipokea huenda akapiga hodi Jumapili alfajiri.