Je, Wajua? Toronto ni Jiji la Rege

Ikitajwa rege, mawazo hukimbilia Kingston, pengine na London. Toronto husahaulika, na hiyo si haki. Canada ilipolegeza masharti ya uhamiaji miaka ya 1960, Wajamaika wengi walihamia huko, wakiwemo mafundi wa muziki hasa.

Mmoja wao ni Jackie Mittoo, mpiga kinanda. Mwaka 1964, akiwa bado kijana mdogo, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya The Skatalites, kisha akaongoza wapigaji wa studio ya kurekodia ya Studio One. Sikiliza mkono wake: kinanda hakipigi kelele, hupenya katikati ya gitaa na ngoma na kuusukuma wimbo mbele. Leroy Sibbles wa kundi la The Heptones, mwimbaji na mcharazaji wa besi, naye alifuata miaka ya 1970.

Barabara ya Eglinton West jijini Toronto ikawa makao ya wahamiaji hao, ikaitwa Little Jamaica, yenye maduka ya santuri, vinyozi na mikahawa. Vijana wa jiji wakakua na mdundo huo masikioni. Snow, kijana mzungu aliyelelewa jirani na Wajamaika, alishika nafasi ya 1 Marekani kwa wiki 7 mwaka 1993 kwa wimbo “Informer”. Baadaye rapa Kardinal Offishall wa Toronto akaingiza lafudhi ya Kijamaika katika hip hop yake.

Leo kichochoro kimoja cha Eglinton kinaitwa rasmi Reggae Lane, na wanamuziki wa rege wa jiji hilo wamechorwa ukutani. Wanastahili.